Ndugu Wawili Niliowaumba Redioni

Mkuu wa kituo ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki kurasa chache kuhusu mafanikio yangu. Nimeyatafuta mafanikio hayo kwa siku tatu, nikapata saa ya ukutani na cheti ambacho jina langu limekosewa. Kwa hiyo nitaandika mengine: siku za mwanzo, vyombo tulivyotumia, mama aliyenifundisha kazi, na kosa moja ambalo nusura livunje harusi ya watu. Anayetaka kujua nani alipandishwa cheo na lini, aende ofisini, faili zipo na vumbi lake.

Mimi ni mtu wa Aroi, karibu na mji wa Arua. Nilikuja kituoni nikiwa mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka na chaki, na ndiyo maana mpaka leo Arua nzima inaniita Mwalimu, ingawa wanafunzi wangu wa mwisho sasa wana wajukuu. Siku ya kwanza nilivaa tai. Mama Zubeda, Mnubi wa mjini aliyesimamia meza ya matangazo, aliitazama tai ile, akanipa rundo la karatasi zilizochanwa kwenye madaftari ya shule, akaniambia nizipange: misiba juu, mikutano katikati, mbuzi chini. Nikauliza kwa nini mbuzi wawe chini. Akasema mbuzi hawajui kusoma saa, wanaweza kusubiri.

Nilisoma matangazo yangu ya kwanza kama mtu anayedaiwa pumzi. Nilipotoka studio Mama Zubeda alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Wewe nasoma kama mutu mvua nafukuza," alisema. "Watu ya kijiji iko nasikiliza na kazi mukononi. Mama napepeta, mutoto nalia. Soma pole pole, jina soma mara mbili."

Tangu siku ile nimesoma kila jina mara mbili, la marehemu, la bibi harusi, hata la mwenye mbuzi. Kuhusu mbuzi, niwaambie tu kwamba bwana mmoja kutoka kijiji cha Dadamu aliwahi kuniletea picha ya mbuzi wake aliyepotea, akanisihi niionyeshe redioni. Nilimwahidi kwamba nitajitahidi. Nilimweleza mbuzi yule hewani kwa dakika nzima, pembe, madoa, mpaka namna ya kutembea, na akapatikana kesho yake. Mwenyewe alikuja kushukuru, akasema alijua tu kwamba picha ingesaidia.

Studio yetu ya kwanza ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati na magodoro ya zamani yaliyopigiliwa ukutani ili kuzuia kelele. Magodoro yalizuia pikipiki za barabarani, lakini mvua hayakuiweza. Mvua ya Arua ikianza kupiga bati lile, msikilizaji alisikia mvua tu, na mimi ndani yake kwa mbali. Wasikilizaji wa Koboko, kaskazini kwetu, hawakulalamika hata kidogo. Walituambia kwamba wakisikia mvua redioni, walijua wana muda wa kutosha kuanua muhogo na simsim kabla haijawafikia. Tulipopata dari nzuri, barua nyingi zilizokuja zilikuwa za kuuliza kwa nini tumeacha kutangaza hali ya hewa.

Baada ya miaka michache nilipewa kipindi cha Jumamosi mchana, habari na historia ya kijiji kimoja kimoja. Chombo changu kilikuwa kinasa sauti cha kaseti, kifuniko chake cha betri kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilikipenda kuliko saa ya ukutani. Nawapa hapa niliyojifunza kwa shida. Usirekodi karibu na jogoo. Ukipewa chakula, kula kwanza, maiki itasubiri. Mzee akianza kukohoa usizime mashine, kwa sababu maneno mazuri hutoka baada ya kikohozi. Na ukiuliza historia ya kijiji, usianze na mambo makubwa. Uliza maji wanateka wapi, na kabla ya hapo waliteka wapi. Ukoo mzima utamwagika hapo penyewe bila wewe kusukuma.

Sasa nije kwenye kosa. Nilikwenda Dadamu kurekodi, nikapokewa na Mzee Andama, mkubwa wa ukoo, mtu mpole mwenye sauti inayofaa redio kuliko yangu. Tulikaa uani mbele ya nyumba yake, wanaume saba na kinasa sauti. Akanieleza kwamba babu yao wa kwanza, Adraku, alishuka kutoka upande wa mlima Wati na mwenzake aitwaye Lomoro. Walikoka moto mmoja, wakala sahani moja. Adraku akaona udongo wa Dadamu akakaa, Lomoro akaendelea kaskazini mpaka Lurujo, kule Koboko, ambako watu wake wanasema Kikakwa mpaka leo. Ilikuwa hadithi nzuri, fupi, safi. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya muhogo, nikawasikia wakicheka, nikasogeza maiki ili kicheko chao kisiingie. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu mimi sikulifikiria.

Ijumaa nilipokaa kukata kanda, niliona kipindi kimepungua kidogo. Kilihitaji utangulizi. Nikachukua kalamu nikaandika, na kesho yake nikasoma kwa sauti yangu tamu ya Jumamosi: "Hapo kale palikuwa na ndugu wawili, Adraku na Lomoro, watoto wa baba mmoja na mama mmoja." Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Nilitia chumvi tu, kwa sababu ndugu wawili ni watamu masikioni kuliko wenzi wawili. Watu walipiga simu kusifu kipindi. Nilikwenda nyumbani nikitembea kwa madaha.

Jumatatu asubuhi nilimkuta msichana amesimama mlangoni pa kituo, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni. Alikuwa Ayikoru, mshonaji wa sokoni, mjukuu wa mdogo wake Mzee Andama. Sikumjua. Alinisalimu kwa adabu zote, akaniuliza kuhusu watu wa nyumbani, kisha akasema alilokuja kusema.

"Mwalimu, hii maneno ya ndugu wawili, ulipata kwa nani?"

Nikamuuliza ana shida gani nayo. Akanieleza akiwa ameshika ule utepe kwa mikono miwili. Alikuwa ameposwa na Kenyi, fundi wa pikipiki, kijana wa Lurujo, wa ukoo wa Lomoro. Mazungumzo yote yalikuwa yamekwisha, ng'ombe wa mahari walikuwa wavuke mwezi uleule. Lakini Jumamosi wazee wa pande zote mbili walisikiliza redio, na jioni hiyohiyo wakafunga mlango. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake, hata kama babu wa pamoja ni wa zamani kiasi gani. Watu wa damu moja wakioana, watoto wanakufa. Mnajua hivyo ninyi, najua mimi. Wazee walikuwa wamemwambia Ayikoru amshukuru Mungu kwamba redio imewahi.

Nilimwambia asubiri nje. Nikasikiliza kanda yote, pande zote mbili, mara mbili. Neno ndugu halikuwamo. Lilikuwa kwenye karatasi yangu peke yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilimfuata Mama Zubeda nikamweleza bila kuficha kitu. Nilitaka anikemee, ingekuwa nafuu. Yeye aliendelea kupanga karatasi zake, misiba juu, mikutano katikati.

"Mudomo yako iliharibu, mudomo yako itatengeneza," alisema. "Lakini hapana hapa kwa kiti. Enda na miguu."

Sikumsikia. Nilidhani nina njia rahisi: jioni ile nikasoma masahihisho hewani, kwamba Adraku na Lomoro walikuwa wenzi tu, si ndugu, kituo kinaomba radhi. Kufikia kesho yake Dadamu yote ilikuwa inasema Mwalimu amelishwa mbuzi na upande wa bwana harusi. Wengine walitaja hata rangi ya mbuzi huyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba redio ikisema mara ya kwanza ni habari, ikisema mara ya pili ni hongo.

Basi nikaenda na miguu. Mzee Andama alinipokea kwa furaha kubwa, akaita wajukuu waje kuniamkia. Nikamkumbusha alivyoniambia mwenyewe, kwa kinywa chake, moto mmoja na sahani moja, na hakutaja baba mmoja. Akaitikia kwa kichwa.

"Kweli, mimi nilisema hivyo," alisema. "Lakini redio nasema ni ndugu. Mimi ni mutu muzee, nasahau. Redio iko na watu ya kusoma."

Nikamweleza kwamba mtu huyo wa kusoma ni mimi, na sikusoma popote. Akanishika mkono akanihurumia, akasema unyenyekevu ni kitu kizuri.

Nikapanda pikipiki mpaka Lurujo, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, kwani wakati ule barabara ilikuwa bado ya murram, haijawekewa lami. Kule mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana walikuwa na furaha. Walikuwa wamepata ndugu zao waliopotea, na mimi ndiye niliyewapata. Walichinja kuku, wakanipa firigisi, heshima ya mgeni mkubwa. Walinieleza kwamba Jumamosi inayofuata wangekwenda Dadamu kwa lori kuwaamkia ndugu zao rasmi. Kenyi, bwana harusi, alikaa pembeni akisafisha mikono yenye grisi kwa kitambaa, akinitazama bila chuki yoyote. Ningependelea chuki.

Njiani kurudi nilipitia Dadamu tena, nimekufa moyo, nikitaka tu kumwambia Ayikoru kwamba nimeshindwa. Nikamkuta nyuma ya nyumba ya Mzee Andama, pale pale kwenye muhogo, na wanawake wengine watano au sita. Ayikoru alimenya bila kuinua uso. Lakini bibi mmoja mzee, mwembamba, aliponiona tu alianza kucheka. Nilikijua kile kicheko. Ndicho nilichokikwepeshea maiki.

Jina lake lilikuwa Poni, mjane wa kaka mkubwa wa Mzee Andama. Aliniuliza siku ile ya kurekodi nilikaa upande gani wa nyumba. Nikasema mbele, na wazee. Akauliza nani alikuwa na wazee hao. Nikasema wazee wenzao. Akawatafsiria wengine kwa Kilugbara, lugha ya Dadamu, wakacheka wote, hata Ayikoru kidogo. Kisha akaniambia kwamba yeye amezaliwa Lurujo, katika nyumba ya Lomoro hasa, na aliolewa hapa, katika nyumba ya Adraku, akiwa msichana. Mahari yake yalilipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe walionekana na kila mtu. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Nani aliuliza?" alisema. "Mimi ni mutu ya kuja."

Alikuwa ameishi Dadamu maisha yake yote ya utu uzima, amezika mume pale, amelea watoto na wajukuu, na bado historia ya ukoo ilikuwa haimhusu, kwa sababu mwanamke aliyeolewa hubaki mgeni. Nilitamani kumrekodi palepale. Akakataa. Alisema hatasema nyuma ya nyumba kama mwizi wa kunde. Atasema Jumamosi, mbele, watu wa Lurujo wakiwapo, na atasema akiwa amekaa kwenye kiti, si mkekani. Kiti hicho nilikwenda kukiomba kwa Mzee Andama mwenyewe. Alishangaa lakini akatoa, maana aliona nina homa ya unyenyekevu.

Jumamosi lori lilifika na ngoma na watu wa Lurujo wamevaa nguo za kanisani. Walikumbatiana na watu wa Dadamu, wakaitana ndugu, wakasifiana pua na masikio kwamba zinafanana. Kwete, pombe yetu ya nafaka, ilikuwa tayari kwenye mitungi. Nilikuwa nimefunga betri mpya. Ayikoru alisimama karibu na mlango wa jiko, Kenyi upande wa lori, na hapana aliyethubutu kumwangalia mwenzake, kwa kuwa sasa walikuwa kaka na dada.

Niliwasha mashine, nikasema mbele ya wote kwamba neno ndugu niliongeza mimi, kwa tamaa ya kusifiwa. Wakanung'unika. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mbuzi huyo alikuwa mkubwa. Ndipo Bibi Poni, aliyekaa kwenye kiti chake mikono magotini, akaomba maiki. Niliishika mbele yake.

"Mimi natoka kwa Lomoro," alisema. "Nimeolewa kwa Adraku. Kama sisi ni damu moja, basi ninyi Lurujo mulikula ng'ombe ya dada yenu, na ninyi Dadamu muliweka dada yenu ndani ya nyumba. Leo lori iko. Mimi napanda, narudi kwetu. Watoto yangu nachukua, na wake yao, na watoto yao. Shamba mutalima wenyewe."

Watu walianza kuhesabu vichwani mwao nani ni mtoto wa Poni na nani ni mjukuu, na ilionekana wazi kwamba nusu ya waliokuwa wakipika siku ile wangepanda lile lori. Kisha Mzee Andama akajipiga paja.

"Ile ng'ombe nyekundu," alisema. "Mimi nilipeleka Lurujo kwa kamba. Ilinipiga teke hapa."

Akakunja suruali akaonyesha kovu chini ya goti, mbele ya wageni wote. Mzee mmoja wa Lurujo akainuka, akainama kulitazama, akasema kweli ng'ombe yule alikuwa mbaya, alimpiga teke hata baba yake. Nani alianza kucheka sijui. Nilichojua ni kwamba uwanja mzima ulikuwa unacheka, na Bibi Poni hakucheka hata kidogo, amekaa wima kama hakimu, na Ayikoru amepiga vigelegele mpaka sindano ya kupima sauti kwenye mashine ikagonga mwisho. Kanda hiyo ipo kabatini, rafu ya pili. Vigelegele hivyo vimeharibu sauti kabisa na ole wake atakayevisafisha.

Ngoma zilizoletwa kwa ajili ya undugu zilitumika kwa uchumba, hakuna aliyetaka kuzirudisha bila kupigwa. Wiki mbili baadaye ng'ombe walivuka kutoka Lurujo na nilikuwa miongoni mwa waliowasindikiza, nikikaa mbali na miguu yao ya nyuma. Nilikula harusini kama mtu aliyefunguliwa jela. Mama Zubeda alikuja pia, akanipeleka mezani, akanijazia sahani kwa mkono wake, na hilo kwake ndilo lilikuwa neno la kusamehe.

Baada ya hapo nilirekodi kila kijiji mara mbili, mbele na nyuma ya nyumba. Nyuma ndiko nilikojua nani alitoka wapi, mwaka wa njaa nani alipokea nani, na wakati wa vita, tulipokimbilia Kongo, nani alibaki akilinda mbegu. Walipokuja wageni kutoka Sudan Kusini wakitafuta jamaa zao, akina mama wa Koboko ndio walioniambia niulize nini, maana walikumbuka wao wenyewe walivyowahi kupokewa upande ule. Kaseti zikaondoka, simu zikaja, sasa mnakata sauti kwa kidole. Sina wivu. Ila kwenye simu hiyo sioni mahali pa kufungia mpira wa baiskeli.

Mama Zubeda alifariki akiwa mzee sana. Nilisoma tangazo lake mwenyewe, jina mara mbili, na mara ya pili sauti ilinikatika na sikuona aibu.

Mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu, kituo kilimwajiri binti wa kuchukua kipindi cha Jumamosi. Mnamjua, mko naye hapo. Kwenye fomu yake, mahali pa kijiji, aliandika Lurujo, kisha akaongeza Dadamu pembeni kwa kalamu. Jina lake Poni. Ni mtoto wa tatu wa Ayikoru na Kenyi, na nyumbani walikuwa wamemwambia tu kwamba mimi nilikula sana kwenye harusi yao.

Ijumaa ya mwisho aliniletea karatasi ya kipindi cha kuniaga. Alikuwa ameandika vizuri, kwa sentensi fupi, kama nilivyomwomba. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba katika miaka yote hiyo Mwalimu hakuwahi kukosea hewani hata mara moja. Nilimuuliza nani kamwambia hivyo. Akasema hakuna, ila inasikika vizuri.

Nikachukua kalamu nikaifuta sentensi ile. Juu yake nikaandika, kwa maneno ya kusomwa na yeye Poni: Alikosea mara moja, akarudi Dadamu kwa miguu, na mimi nikazaliwa.

Poni aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza ina maana gani. Nikamwambia ampigie mama yake. Alitoka na simu, akakaa nje muda mrefu mpaka chai yangu ikapoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na mdomo unacheka. Kesho yake aliisoma hewani pole pole, na jina langu akalisoma mara mbili.